Vizibo vya Danganya Toto

Neno motisha nililisikia mara ya kwanza nikiwa nimebeba trei ya glasi chafu, na nilidhani tajiri wetu anatutisha. Alikuwa ametoka kwenye semina ya wafanyabiashara, nguo zimenyooka kwa pasi, beji ya chama inang'aa kifuani. Alitukusanya uani asubuhi kabla hatujafungua, akatangaza kwamba kuanzia mwezi ule baa yake itakuwa na motisha. Mpishi wetu, mtu mzima mwenye sikio zito, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Anamtisha nani?" Tulicheka mpaka tajiri akakunja uso.

Baa yenyewe ilikuwa Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Mbele watu walikunywa bia na soda, uani palikuwa na jiko la nyama ya kuchoma, ndizi na ugali. Wahudumu tulikuwa wanawake wanne. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote, na hasira zangu zilikuwa karibu, kama kibiriti mfukoni. Mwenzangu mmoja alikuwa Mzaramo wa Buguruni, mdomo wake ukizidi hata wangu. Mwingine alikuwa mama mjane asiyependa maneno. Wa nne ni yule ambaye kwa ajili yake ninaandika haya, Mmakua kutoka Masasi. Yeye nilimwita dada tu, naye akaniita mdogo wangu, na hata leo nikisema "dada" bila kuongeza kitu, moyoni ninamaanisha yeye.

Motisha ilikuwa hivi. Kila mhudumu alipewa mkebe wa maziwa ya unga uliopakwa rangi yake. Ukimfungulia mteja chupa, kizibo unakitia katika mkebe wako. Mwisho wa mwezi kaka wa kaunta anahesabu mbele ya tajiri, na mwenye vizibo vingi anapewa doti moja ya khanga na kifurushi cha sukari. Leo ukimwahidi mtu sukari atakutazama akuone mshamba. Wakati ule tulikuwa tunaamka alfajiri kwenda kupanga foleni duka la ushirika, ukichoka unaweka jiwe mahali pako, na jirani mwenye haki anakulindia jiwe lako mpaka urudi. Hata hivyo siku nyingine jiwe lilikuwa linafika dirishani na sukari imekwisha.

Basi mwezi wa kwanza nusura tutoane roho. Mteja akiagiza bia moja, anageuka kupokea salamu, akirudisha macho anakuta zimefunguliwa mbili. "Dada, nimeagiza moja mimi." Mzaramo anamjibu, "Kunywa, mzee, kesho hakuna," na kwa kuwa kweli kesho mara nyingi hakukuwa na bia, mzee wa watu alikuwa anakunywa. Wazee wa drafti waliokaa barazani ng'ambo ya barabara, wanaotumia vizibo kama kete, wakaanza kulalamika kete zao zinapotea. Mimi na huyo Mzaramo tulishikana khanga chini ya meza kwa ajili ya kizibo kimoja kilichobingirika, na mteja aliyekaa pale akanyanyua miguu kwa adabu ili tupigane vizuri.

Nacheka sasa, lakini siku zile sikuwa nacheka. Kabla ya ile mikebe tulikuwa tunakula sahani moja. Mmoja akiumwa, wengine tunagawana meza zake na jioni anapelekewa chochote kilichopatikana. Ilichukua majuma machache tu tukawa tunaficha mikebe nyuma ya debe la maji kama watu waliokutana jana kituoni. Mama mjane, ambaye hakuwa na mbio wala kelele, alimaliza mwezi mkebe wake unalia kama kayamba, vizibo vya kuhesabika, na hakuna aliyemwonea huruma.

Dada ndiye aliyetutoa katika aibu ile. Alikuwa mrefu, anasema polepole, na alikuwa na tabia ya kukunja ukingo wa aproni yake kabla ya kutoa neno lolote zito. Siku moja tukila, alikunja aproni akasema, "Jamani, upatu si tunaucheza kwa hela? Mbona tusiucheze kwa vizibo?"

Tulimwelewa papo hapo, maana hakuna mwanamke wa Kariakoo asiyejua upatu. Kila mmoja anachanga, mmoja anapokea, mwezi ujao mwingine. Kuanzia siku ile, kila jioni tulimimina vizibo vyetu katika mkebe wa mwenye zamu. Lakini dada alikuwa na akili ya mbali. Alisema mikebe mingine isiachwe mitupu, iachiwe vizibo kiasi, huu vingi zaidi kidogo, ule vichache, ili tajiri aone watu wameshindana na mmoja amemzidi mwenzake kwa pua. Vizibo hivyo vya kuachwa tulivipa jina la danganya toto. Kila ikikaribia siku ya hesabu, dada alikuwa anapita mkebe kwa mkebe, anapunguza hapa, anaongeza pale, mpaka yeye mwenyewe aridhike. Kaka wa kaunta alituona. Alikuwa mpenda amani, na pia tulikuwa tunamkumbuka kwa kikombe cha sukari kila mwezi, kwa hiyo macho yake yakawa mabovu ghafla.

Amani ikarudi. Mama mjane alipata khanga mpya ya kwanza tangu azike mume. Mzaramo alipata sukari mwezi aliojifungua, na uji wa mzazi ukapikwa. Mimi nikapata. Dada, kwa kuwa ndiye kijumbe wetu, msimamizi wa upatu, alitaka kupokea mwisho kila mzunguko. Tulimbishia, maana vijumbe wengi tunaowajua wanaanza wao, akasema kijumbe anayeanza yeye hatanyoosha mkono vizuri kuwagawia wengine.

Na jambo ambalo tajiri hakulijua ni kwamba biashara yake ilinoga. Tulipoacha kugombania wateja tuliwahudumia. Mtu akikaa meza ya Mzaramo na Mzaramo ana kazi jikoni, mimi naenda. Hakuna aliyekuwa anabaki na chupa tupu mbele yake. Tajiri aliona kreti zinavyotoka akawa anawaleta wafanyabiashara wenzake, anawaonyesha ile mikebe iliyopangwa juu ya rafu, anasema, "Hii ndiyo dawa. Ushindani. Mtu bila kushindana analala." Sisi tunapita na trei, nyuso kavu kama za watu wa msibani, tukifika jikoni tunashikana mabega kwa kicheko.

Ulipokaribia mwisho wa mwaka, tajiri alitukusanya tena. Alisema motisha imemletea tija, neno jingine la semina, kwa hiyo mshindi wa Desemba atapata zawadi kubwa. Uani kulikuwa na chumba kimoja kilichokuwa na magunia na viti vibovu. Kitasafishwa, mshindi akae humo bila kodi kwa muda wote atakaokuwa mfanyakazi wake.

Zamu ya Desemba ilikuwa ya dada.

Inabidi mjue chumba kilikuwa na maana gani kwake. Alikuwa anaishi bondeni Msimbazi, chumba kimoja na wanawake watatu wengine, na mwenye nyumba alikataa katakata watoto. Binti yake wa pekee alikuwa Masasi kwa bibi. Alimwacha akiwa bado ananyonya, na kila mwaka alisema mwaka huu nitamchukua, aanze shule hapa nikimwona. Bibi mwenyewe alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Shule inafunguliwa Januari. Kwa hiyo tajiri alipotamka chumba, sisi watatu hatukutazamana hata kidogo, tulimtazama dada, naye alikuwa anakunja aproni na haikunjiki.

Msije mkadhani kuna aliyeingiwa na tamaa. Chumba cha bure Kariakoo kila mmoja wetu angekipenda. Mimi nilikuwa nalala sebuleni kwa kaka yangu, na wifi alikuwa ananihesabia pumzi. Lakini Mzaramo alisimama jikoni na mwiko mkononi, akasema, "Mwenye nia ya kumfanyia dada hila aseme sasa hivi, nimchambue kama dagaa."

Siku chache baadaye alitokea mtu wa kijiji cha akina dada, amekuja mjini kuuza korosho, anarudi kusini na atakuja tena mara tu baada ya mwaka mpya. Angeweza kumleta mtoto. Baada ya hapo mvua zingeanza, na njia ya kusini wakati ule ikinyeshewa ilikuwa haipitiki, mto Rufiji ukijaa, basi la abiria linaweza kulala upande wa pili mpaka watu wajenge vibanda. Dada alisita. Aliniambia, "Usikate mbeleko mtoto hajazaliwa, mdogo wangu."

Nikamjibu kwa ule mdomo wangu, "Mtoto keshazaliwa, dada. Yuko Masasi anakungoja."

Alicheka. Kisha akaenda kumwambia yule mtu amlete.

Desemba ile bia ilikuwa ya shida. Lori la kiwanda lilikuwa linakuja siku moja, tunalisahau, linakuja tena na kreti za kuhesabu. Siku nyingine tuliuza chai na mihogo katika baa. Ikafika siku ya hesabu, mkebe wa dada ulikuwa haujafika hata nusu, na mikebe yetu ilikuwa na ile danganya toto yake kama kawaida, dada alishaipanga asubuhi. Mchana akatoka kwenda sokoni mara moja, alikuwa ameona sahani ya bati ya mtoto yenye picha ya jogoo na alitaka kuiwahi.

Ni wakati huo alipokuwa sokoni. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Tulisimama mbele ya ile rafu, na Mzaramo akautikisa mkebe wa dada. "Chumba kizima kwa hivi? Tajiri ataona haya kukitoa." Mama mjane, ambaye nimesema hakupenda maneno, alichukua mkebe wake akaumimina wote katika wa dada. Wote, na danganya toto yake. Mzaramo akafuata. Mimi nikaugeuza wangu nikaupiga kitako kwa kiganja, kuna kizibo kimoja kilikuwa kimenasa chini, nikakikwangua kwa kijiko mpaka kikatoka. Tulifurahi kupita kiasi. Tulitaka akirudi aukute umejaa. Dada angekuwepo, angetukataza. Hilo ndilo silisahau: mwenye akili ya jambo lile hakuwepo, na waliobaki walikuwa na mapenzi tu.

Tajiri alikuja na shemeji yake na wafanyabiashara wawili, alitaka waone. Dada alifika nyuma yao, ile sahani imefungwa kwa gazeti. Kaka wa kaunta akamimina mkebe wa dada mezani, akahesabu kwa sauti, na tajiri akawa anatabasamu kila kumi. Watu wakapiga makofi. Kisha tajiri, kwa kutaka kuwaonyesha wageni jinsi mbio zilivyokuwa kali, akasema, "Na wa pili wake nani?"

Kaka wa kaunta akainua mkebe wangu, akaugeuza. Hakikutoka kitu. Akainua wa Mzaramo, akainua wa mama mjane. Nilimwona dada anatutazama mmoja mmoja, na uso wake ukajua kabla ya uso wa mtu mwingine yeyote.

"Mwezi mzima," tajiri akasema, "ninyi watatu hamkufungua hata chupa moja?"

Akamgeukia dada. "Basi wewe umewaibia wenzako."

Ndipo nikaripuka. Kuna maneno mtu wa Kariakoo hawezi kuyaacha yapite juu ya mtu wake, na neno la wizi ni la kwanza, maana mtaani kwetu ukiitwa mwizi hata mawe yanasikia. Nikasema, "Dada hajaiba! Tumempa wenyewe! Kila mwezi tunapeana, zamu kwa zamu, hata mimi nilipewa!" Nilisema kwa majivuno. Nilidhani nampa habari njema. Redio kila siku ilikuwa inatuimbia tushirikiane, beji ya chama kilichohubiri ushirika huo ilikuwa juu ya kifua chake mwenyewe, kwa hiyo niliona akisikia tumeshirikiana atatupongeza.

Mmoja wa wale wageni akacheka. Si kicheko kikubwa, puani tu, lakini tajiri alikisikia. Mwaka mzima amewahubiria ushindani, kumbe hakukuwa na ushindani, palikuwa na wanawake wanne na upatu. Leo nimekuwa mtu mzima naelewa kwamba nilimvua nguo mbele ya shemeji yake. Siku ile niliona tu shingo yake inavimba.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanichezea."

Dada akasema taratibu, "Tusamehe, mzee. Lakini kila kizibo hapo ni cha bia yako iliyouzwa. Kazi tumefanya."

"Huu ni ujamaa, mzee," nikaongeza. Mungu anisamehe, niliongeza.

"Ujamaa ni wa vijijini," tajiri akasema. "Hapa ni biashara."

Hakumfukuza mtu. Siku hizi nawaona watu wanaosimulia matajiri wa zamani kama mashetani, wa kwetu hakuwa shetani. Aliagiza mikebe iondolewe, akasema motisha imekwisha na chumba hakipo, akaingia ndani na wageni wake akawaagizia nyama. Kesho yake chumba kilisafishwa kama alivyoahidi, kikajazwa kreti za chupa tupu.

Dada hakutulaumu. Ningependa angetulaumu. Jioni ile tulipokuwa tunaosha glasi alisema mara moja tu, bila kuninyanyulia macho, "Mngeacha hata vitano vitano, mdogo wangu." Na hakulitaja tena.

Wanangu wamenisikia nikisema kwamba katika maisha yangu nimejuta kwa choyo mara nyingi, lakini hakuna choyo kilichoniuma kama ukarimu wa siku ile. Choyo unaweza kukitubu. Utatubu vipi kwamba ulimpenda mtu mpaka kizibo cha mwisho? Laiti ningekiacha kile kilichonasa. Laiti mama mjane angekuwa mchoyo kidogo.

Kumzuia mtoto haikuwezekana. Simu ya kijijini ilikuwa wapi? Barua ingefika mvua zimekwisha. Tulihangaika kutafuta chumba, Kariakoo, Ilala mpaka Buguruni, kila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mbele au anatazama kazi yetu ya baa na kusema nafasi imechukuliwa. Siku ya basi tulikwenda stendi wote wanne.

Mtoto alishuka akiwa ameshikwa mkono na yule mtu wa korosho, gauni linamburuta, matope mpaka magotini. Bibi yake alimfunza vizuri. Alitupitia mmoja mmoja, "Shikamoo, shikamoo, shikamoo," sisi tunaitikia marahaba huku tunafuta macho, akafika kwa mama yake akasimama, maana hakuwa na hakika. Dada alipiga magoti chini pale pale kwenye mafuta ya magari. Wakakaa hivyo. Halafu yule mtoto akauliza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimakua, "Mama, chumba chetu kina dirisha?"

"Kina," dada akasema.

Walilala kwa Mzaramo, kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa na watu hadi barazani. Dada aliendelea na kazi siku chache, mtoto anakaa jikoni karibu na mpishi, anakula kwenye ile sahani ya jogoo. Tajiri akapita, akamwona, akampa soda, akauliza ni wa nani, hakuna aliyemjibu vizuri. Mawingu yakaanza kukaa upande wa kusini. Yule mtu wa korosho akasema anaondoka na basi la mwisho, na dada akavua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya kaunta. Alisema shule ya Masasi nayo ni shule.

Niliwasindikiza peke yangu, wenzangu walikuwa zamu. Njiani nilibeba mzigo wao. Dada aliniambia nipunguze hasira, nimheshimu wifi yangu, nisiache kumpelekea mama mjane chakula akiumwa. Maneno ya mtu anayekwenda mbali. Kisha akapanda, akaweka mzigo miguuni, na mtoto akapata nafasi ya dirishani.

Basi lilipokuwa linanguruma, mtoto alitoa kichwa akaniita. Sikumwelewa mwanzoni kwa kelele, nikasogea. Kumbe mama yake alimweleza kwamba wanarudi kwa bibi kwa muda tu, chumba kinapakwa chokaa.

"Mama mdogo," akasema, "wakimaliza kupaka mtatuita?"

Nikamwambia tutawaita.